Baba Haoni Vizuri

Bango la wanyama lililoko kwenye darasa langu lina dubu. Amesimama kati ya twiga na kiboko, anatabasamu, na kila mwaka watoto wa darasa la tatu wananiuliza anakaa pori gani. Nawajibu anakaa nchi za baridi, nao wananiangalia kwa huruma. Mimi nimezaliwa Ugalla, naishi Mwamkulu, na kutoka nyumbani kwangu hadi hifadhi ya wanyama ni mwendo wa saa moja hata kwa gari bovu. Pamoja na hayo, hadi natimiza miaka hamsini na moja nilikuwa sijawahi kuingia mle kumtazama mnyama. Wazungu walikuwa wanabadilisha ndege mara tatu kuja kuona viboko wetu. Sisi tulikuwa tunapita katikati ya hifadhi hiyohiyo na basi la Sumbawanga, tumelala midomo wazi.

Kutazama mnyama, nasema. Kumla ni habari nyingine.

Nitaisema mapema ili msije mkadai niliwaficha. Kwa majirani, baba yangu alikuwa mrina asali, mtu wa mizinga. Kwenye sufuria yetu alikuwa mtu mwingine. Alikuwa na gobori alilorithi kwa babu yake, na sisi watoto saba tulinenepa wakati wenzetu wanahesabu maharage. Mgeni akiingia, mama alisema tunakula mbuzi. Mbuzi wetu walikuwa na mifupa mikubwa ajabu, na wageni walikuwa na adabu ya kutouliza. Baadaye lilipotoka tangazo la kusalimisha silaha, baba alilibeba gobori lake begani mchana kweupe, akatembea nalo hadi kituoni, akalikabidhi, akarudi nyumbani akalala siku mbili. Hakuwinda tena. Kilichobaki ni mdomo, na huo hakuna kituo kinachoupokea.

Mama alipofariki nilimchukua baba akae kwangu. Ananiita mama, kwa kuwa nimerithi jina la mama yake, na binti yangu anamwita "mke wangu", kama babu yeyote anavyomwita mjukuu wake. Sasa huyo mke wake, katika wanaume wote wa mkoa huu, wakiwemo walimu, mafundi simu na wakulima wa mpunga wenye matrekta yao, akamleta nyumbani askari wa wanyamapori. Kijana mzuri, mrefu, ana adabu. Kazi yake ni kukamata watu wanaofanya alichokuwa anafanya babu. Baba yake naye alikuwa askari wa hukohuko, amestaafu. Ukoo mzima wa kukamata watu.

Baba alimpokea vizuri tu. Alimwambia umekuja kuniibia mke, kijana akacheka, wakapeana mikono. Mimi ndiye nilikuwa silali. Nilijua kwamba siku moja mzee atafungua mdomo aeleze nyama ya nyati inavyochelewa kuiva, na wakwe watainuka na kuaga kwa heshima, na mwanangu atabaki na kitenge chake cha posa. Ndoa ilikuwa itangazwe kanisani kwa mara ya kwanza Jumapili ya pili ya Septemba. Tulikuwa tumebakiza wiki moja ndipo baba wa kijana akatoa wazo: Jumamosi ile, kabla ya tangazo, familia mbili zipande gari, ziende hifadhini kutazama wanyama, zifahamiane.

Sikuwa na sababu ya kukataa. Kila nilipotafuta sababu, niliona inaanza na neno gobori.

Basi Ijumaa mchana nikamkalisha baba kwenye kivuli cha ukuta, nikamwambia, "Baba, kesho naomba usiseme kitu."

"Kitu gani?"

"Chochote kuhusu wanyama."

"Si tunakwenda kutazama wanyama?"

"Ndiyo baba."

"Na nisiseme kuhusu wanyama."

"Ndiyo."

Alifikiri. "Nikimwona mnyama je?"

"Ukimwona nigonge goti. Mimi nitasema."

"Haya mama," alisema. Na baba yangu akikubali jambo, amelikubali. Hilo lilinipa usingizi usiku ule, na ndilo linaloninyima usingizi siku hizi.

Mambo ya sare sasa. Mtanzania hawezi kufanya shughuli bila sare, hata shughuli yenyewe ikiwa ni kutazama nyani. Mama wa kijana, mwanamke mwenye sauti ya mwenyekiti, alichagua kitambaa: bluu iliyoiva, yenye maua meusi. Wanawake magauni, wanaume mashati. Nikashona, nikapendeza, nikajiangalia kwenye kioo hadi aibu ikanishika. Baba alipopewa shati lake aliligeuza mbele, akaligeuza nyuma, akanitazama. Akafungua mdomo, kisha akakumbuka ahadi yake, akaufunga. Nilimsifu moyoni kwa kuanza mazoezi mapema.

Tulikodi Kosta. Baba wa kijana alikaa mbele kwa dereva kama kiongozi wa msafara, darubini shingoni, kofia ya kazini iliyopauka kichwani. Nyuma yake alikaa mke wake na masufuria. Kisha mimi dirishani na baba pembeni yangu, hadi aliponiomba tubadilishane, nikampisha dirishani. Siti ya mwisho kabisa walikaa maharusi. Yule kijana ana macho makali, nimesikia anasifiwa kazini, lakini siku ile macho hayo hayakufika hata kwenye kioo cha gari. Yaliishia kwa binti yangu.

Msimu ule wa mwisho wa kiangazi pori linakuwa uchi. Nyasi zimeungua, ardhi nyeusi, na juu yake miti imeanza kutoa majani mapya mekundu kabla hata ya tone la mvua. Mtu yeyote mwenye macho anaona mbali. Sisi tulikuwa na macho kumi na manne ukimhesabu dereva, na kwa saa mbili za kwanza tukamwona nyani mmoja, ambaye yeye ndiye aliyetuona sisi.

Na mbung'o. Wale tuliwaona. Waliingia kwa madirisha yote, wakapita kwenye suruali nyeusi ya dereva kwa kuonja tu, kisha wakatulia kwenye bluu yetu kana kwamba tumewashonea wao. Mbung'o hang'ati kama mbu anayeomba radhi. Anachoma sindano ya hospitali kupitia kitambaa. Mama wa kijana alikuwa anajipiga mwili mzima, huku akisema ni baraka kuona viumbe vya Mungu. Baadaye sana nikaambiwa kwamba mbung'o wanapenda bluu na nyeusi kuliko rangi zote, na kwamba hata mitego yao inashonwa kwa kitambaa cha bluu na nyeusi. Baba alijua tangu alipolishika shati. Baba wa kijana naye alijua, alikiri mwenyewe, ila kitambaa kilikuwa kimechaguliwa na mke wake na yeye anapenda amani.

Amani hiyo aliitumia kutusimulia. Lo, yule mzee alituongelesha. Alisimulia simba aliowakodolea macho wakainamisha vichwa, tembo aliowapigia makofi wakageuza njia. Mke wake alinong'ona, bila ubaya, kwamba katika utumishi wake miaka mingi alikuwa stoo, akigawa mabuti. Wakati simba wa kwanza anainamisha kichwa, nikasikia vidole viwili vinanigonga gotini. Baba alikuwa anatazama nje, kwenye mti mmoja mkubwa kando ya korongo kavu. Ningefanyaje? Mkwe anaongea, tena yuko katikati ya simba. Nikauondoa mkono wa baba gotini kwangu, nikauweka kwake. Gari likapita.

Baadaye kidogo, tembo wanapigiwa makofi, akanigonga tena. Nikamnong'oneza, "Baba, tulia." Akatulia.

Mara ya tatu aliponigonga, mama wa kijana aligeuka ghafla, nikaruka. "Mbona mzee kimya hivyo?" akauliza. "Au hajafurahi?"

Hapo ndipo nilipoongopa, tena sikukwama hata kidogo. "Baba haoni vizuri," nikasema. "Macho yamechoka. Amekuja kupunga upepo tu."

"Masikini," alisema mama wa kijana, akamtazama baba kwa uso wa kutembelea wagonjwa. "Pole mzee wangu. Huoni kabisa?"

Baba alinitazama. Macho yake wakati huo yalikuwa mazima, meusi, yanaweza kuhesabu nyuki mlangoni mwa mzinga akiwa chini ya mti. Alinitazama muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Sioni, mama yangu," alimjibu. Kisha akageukia dirisha lake, na hakunigonga goti tena.

Tulifika kwenye maji ya Katuma saa sita. Mto wenyewe wakati ule ni madimbwi ya tope, na viboko wamejazana humo hadi huoni maji, unaona migongo. Wanakoroma, wanasukumana, wanarusha kinyesi kwa mkia. Mama wa kijana aliwatazama kwa kicho, akasema, "Jamani, mmoja tu anatosha sherehe ya kipaimara na wageni wakabeba." Tukacheka wote. Ndivyo tulivyo. Mzungu akimwona nyati anatafuta kamera, sisi tunatafuta sufuria, ila tunaita utani.

Pale tuliruhusiwa kushuka. Masufuria yakashushwa, pilau likafunuliwa, baba wa kijana akaelekeza darubini yake kwa viboko waliokuwa hatua thelathini mbele yake. Maharusi walisogea pembeni kupiga picha. Binti yangu alisimama ameyapa mgongo matete, kiboko ng'ambo, jua zuri. Mchumba wake alikuwa amepiga goti na simu, anamwambia, "Rudi nyuma kidogo. Kidogo tena." Na mwanangu anarudi nyuma, kidogo, kidogo tena, anaelekea kwenye matete.

"Mke wangu." Ilikuwa sauti ya baba. Hakupaza. Ilikuwa sauti ya kuomba chumvi. "Njoo hapa kwa mume wako. Polepole. Usigeuke nyuma. Na wewe mwizi wangu, inuka, rudi kinyumenyume, usikimbie."

Binti yangu anamjua babu yake, na hakuwahi kumsikia akiongea naye bila kicheko ndani yake. Alikuja. Hatua moja, nyingine, macho kwa babu. Alipotufikia, matete yalifunguka, likainuka dume la nyati, peke yake, tope limekaukia mgongoni, pembe zimekutana katikati ya kichwa. Lilisimama pale alipokuwa amesimama mwanangu. Lilitutazama kila mmoja kwa zamu, tukiwa na sahani mikononi. Kisha likageuka, likaondoka bila haraka.

Nikakaa chini, juu ya mfuniko wa sufuria. Nililia, sioni haya kusema. Nililia kwa sauti.

Nilipoinua kichwa, watu wote walikuwa wanamtazama baba. Kijana ndiye aliyeuliza, na ilikuwa sauti ya kazini. "Babu, si huoni?"

Baba aligeuka. Alinitazama mimi. Mzee wa miaka sabini na nane, nywele nyeupe, amevaa shati la bluu lililofanya atobolewe mwili mzima na mbung'o, anasubiri ruhusa ya mtoto wake ili aseme. Katika mambo yote ya siku ile, nyati akiwemo, hilo ndilo ninaloliona nikifumba macho.

"Sema, baba," nikamwambia.

"Wale ndege wanaokula kupe," alianza, "walikuwa wanatoka kwenye matete na kurudi. Ndege yule hana shughuli na matete. Ukimwona hapo, kuna mgongo wa mtu chini. Na harufu. Na dume lililofukuzwa kundini ndivyo linavyolala, linaangalia njia. Niliwahi kulifuata moja la hivyo siku mbili."

"Kulifuata kwa nini?" aliuliza kijana.

"Alikuwa anarina asali," nikadakia kutoka kwenye mfuniko.

"Sikuwa narina asali," alisema baba. "Nilikuwa na gobori. Nililipata siku ya pili, jioni, upande wa mtoni. Nyama yake ilikuwa ngumu, ilichemka kutwa. Na mkweo huyu anayelia alikuwa na miaka sita, alikula kuliko wote, akatapika, akarudi kula."

Viboko walikoroma. Binti yangu alimtazama mchumba wake, mchumba alimtazama baba yake, na mimi nikaiona Jumapili inayokuja inaondoka. Padri hatasoma jina la mtu. Nitasimama kanisani na gauni langu.

Baba wa kijana alivua kofia, akajifuta jasho. "Gobori liko wapi sasa?"

"Nililisalimisha mwenyewe. Karatasi ninayo."

"Unaiweka wapi?"

"Kwenye kitabu cha sala."

Yule mzee aliinamisha kichwa. Kisha mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. "Mzee wangu," alisema, "mimi nimekulia hukuhuku. Unafikiri mama yangu alinikuza kwa maharage?"

"Baba fulani, nyamaza," alisema mke wake haraka, akimtaja kwa jina la mtoto wao. "Mbele ya mtoto."

"Ninyamaze nini? Nyumbani kwetu tulikuwa tunaambiwa ni mbuzi."

"Mbuzi wenu walikuwa na mifupa mikubwa?" aliuliza baba.

"Mikubwa hadi mbwa wanashindwa."

Walicheka wale wazee wawili hadi wakashikana mikono. Kijana alisimama na simu yake, amewakamata watu wawili wazima kwa kauli zao wenyewe na hana pa kuwapeleka. Mimi nilikula pilau langu nikiwa na hasira. Siku nzima nimebana pumzi, nimemfanya baba yangu kipofu mbele za watu, kwa ajili ya siri ambayo nusu ya mkoa wanayo kwenye masufuria yao ya zamani.

Kurudi, baba alikalishwa mbele kwa dereva. Kofia akavishwa yeye. Aliongea njia nzima, na Kosta ile ile, kwenye pori lile lile, tukaona wanyama hadi dereva akaomba tupumzike. Binti yangu aliniinamia kutoka nyuma. "Mama, mbona hukuwahi kutuambia babu anajua vitu hivi?" Nikamwambia nina kichwa kinaniuma.

Nyumbani, nikimpaka baba mafuta kwenye uvimbe wa mbung'o, nikajikaza. "Baba. Ulinigonga goti."

"Mara tatu."

"Ulikuwa umeona nini?"

"Ya kwanza chui. Juu ya ule mti wa korongoni, mkia umening'inia. Ya pili korongo, wale swala wakubwa wenye uso mweusi, walikuwa tisa na ndama. Siku hizi ni wachache."

Nilikuwa sijawahi kumwona chui. Alikuwa upande wetu, ningegeuza shingo tu. "Na ya tatu?"

"Ya tatu nilitaka kukojoa."

Ndoa ilitangazwa, ikafungwa, watu wakala. Ng'ombe, nawahakikishia. Mwaka uliofuata ukungu ukaingia kwenye macho ya baba, jicho la kushoto kwanza, kisha la kulia. Daktari wa macho alisema tumechelewa, akataja na jina la ugonjwa, ambalo sikulishika kwa sababu masikioni mwangu kulikuwa na sauti yangu mwenyewe ikimwambia mama wa kijana maneno yale ndani ya Kosta. Najua kwamba uongo hauleti ugonjwa. Nafundisha watoto sayansi. Lakini nimeshindwa kujifundisha.

Bado tunakwenda, mwisho wa kiangazi, Jumamosi, sare hakuna tena, tunavaa rangi ya vumbi. Baba anakaa dirishani kwa mazoea. Mara ya mwisho ilikuwa mwezi uliopita. Gari lilipunguza mwendo karibu na lile korongo kavu, nikasikia vidole viwili gotini kwangu.

"Kuna nini hapo?" aliuliza.

"Swala."

"Swala gani?"

"Swala tu, baba. Wa kawaida."

"Mwalimu mzima," alisema. "Wangapi?"

"Kama kumi."

"Wanakula?"

Nikatazama. "Hawali. Wamesimama."

"Wanatutazama sisi?"

"Ndiyo." Kisha nikatazama vizuri, kama alivyotaka. "Hapana. Hawatutazami sisi. Wanatazama ule mti."

Baba aliacha kupumua, au ni mimi. Nikapandisha macho kwenye ule mti kuanzia shinani, taratibu, tawi baada ya tawi, hadi nikafika kwenye mkia. Mdomo wangu, ambao haujawahi kukosa neno mbele ya darasa wala mbele ya mkwe, ukakauka.

Vidole vikanigonga tena.

"Sema basi, mama," alisema baba. "Mimi sioni."